Antena ya GPS: Tuifunge Wapi Kwenye Gari?



Gari la kikundi lililonunuliwa kwa michango likiibwa, ni jasho la watu wengi limepotea. Ndiyo sababu vikundi vingine huweka kifaa cha GPS cha kufuatilia gari. Lakini kifaa kiwe kizuri namna gani, antena yake ikifungwa mahali pabaya, ni pesa za bure. Hebu tuelezane.

GPS ni setilaiti za serikali ya Marekani, ambazo mpango wake ulikamilika mwaka 1995. Huzunguka dunia kilomita 20,200 hivi juu yetu. Ili kifaa kijue gari liko wapi, antena yapasa kupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua 4 kwa wakati mmoja. Mawimbi hayo yakifika chini huwa dhaifu mno. Hupita kwenye kioo cha kawaida na plastiki, lakini kwenye chuma hayapiti.

Basi kanuni ni moja: antena ione mbingu. Sasa tutazame mahali penyewe.

Juu ya paa. Hapa ndipo antena husikia vizuri zaidi. Nyingi zina sumaku chini, hivyo hushika paa la chuma. Shida ni mbili: mwizi huiona na kuing'oa mara moja, na mkipakia mabati au magunia ya mboga mbichi kwenye keria, mzigo huifunika.

Juu ya dashibodi. Hapa pia ni pazuri, karibu na kioo cha mbele. Lakini angalieni kama kioo kina tinti yenye chembe za chuma, maana hiyo huzuia mawimbi. Tena msiiweke juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa wa usalama.

Ndani ya dashibodi. Kwa gari la kikundi, twaona hapa panafaa zaidi. Antena hukaa chini ya plastiki, mwizi haioni, na mawimbi huifikia. Fundi ahakikishe hakuna chuma juu yake, na uso wake unatazama juu. Upande wenye sumaku ndio wa chini.

Chini ya kiti, ndani ya boneti au kwenye buti, hapana. Hapo mmeificha mwizi, lakini mmeificha mbingu pia.

Waya nao utunzwe. Usikatwe na kuungwa ovyo, wala usibanwe na mlango. Na kwa kuwa kifaa hutuma habari kwa laini ya simu, antena ya simu iwekwe mbali kidogo na hii ya GPS.

Kabla fundi hajarudisha skrubu, toeni gari nje ya gereji, mbali na paa la mabati na kuta ndefu. Subirini. Mara ya kwanza kifaa chaweza kuchukua dakika kadhaa, msiwe na haraka. Kisha tazameni: mahali kinapoonyesha ndipo mlipo? Zungukeni nalo kidogo, mtazame tena. Kikikosea, antena ihamishwe siku hiyo hiyo. Kikiwa sawa, ndipo mlipe.

Na mahali ilipofichwa pajulikane na viongozi wawili au watatu tu. Siri ya watu wengi si siri tena.