Dalili tano kuwa fedha za familia zinahitaji mtaalamu

Mama anayehudhuria kliniki ya wajawazito hufundishwa dalili za hatari. Kichefuchefu cha asubuhi hakimkimbizi hospitali, lakini damu ikitoka, kichwa kikiuma sana au uso ukivimba, hasubiri kesho. Fedha za familia nazo zina dalili zake, ila wazazi wengi huzijua wakati mambo yameshaharibika.

Chukua mfano wa mwalimu anayestaafu akiwa na miaka 60. Mkewe anashona nguo nyumbani na mtoto wao wa mwisho yuko mwaka wa kwanza wa stashahada ya uuguzi. Jumatatu mafao ya mkupuo yanaingia benki, Sh38 milioni. Jumatano shemeji anakuja na wazo la bajaji. Ijumaa dalali anaonyesha kiwanja cha bei ya kutupa. Jumapili rafiki wa zamani anasimulia biashara ya mtandaoni inayozaa mara mbili kwa mwezi. Kati yao hakuna anayeuliza mtoto amebakiza miaka mingapi chuoni, wala dawa za presha za mwalimu ni kiasi gani kwa mwezi.

Mwaka mmoja baadaye bajaji iko gereji, kiwanja kimepata mwenyewe mwingine mwenye hati, na mwalimu anaruka siku za kumeza dawa ili zifike mwisho wa mwezi.

Si kwamba hakuwa na akili ya fedha. Kwa zaidi ya miaka 30 aliugawa mshahara wake na watoto wakasoma. Lakini kugawa mshahara wa kila mwezi ni kazi moja, na kupanga fedha zinazokuja mara moja maishani ni kazi nyingine.

Lini familia ijitibu yenyewe?

Si kila jambo linahitaji mshauri. Bajeti ya mwezi, akiba ya ada, mchango wa harusi au zamu ya mchezo kwa kijumbe ni mambo ambayo baba na mama wanaweza kuyamaliza mezani wakiwa na daftari na kalamu. Dalili zifuatazo ndizo zinazotaka mtu wa pembeni mwenye ujuzi.

Ya kwanza ni fedha nyingi kuingia kwa mkupuo: kiinua mgongo, mirathi, fidia ya ardhi au mauzo ya nyumba.

Ya pili ni deni kulipwa kwa deni. Familia inapochukua mkopo wa kausha damu ili kurejesha wa kikundi, kisha kukopa kwenye simu ili kurejesha kausha damu, hapo bajeti peke yake haitoshi. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Anayekopa huko hukopa kwa mtu asiyesimamiwa na yeyote.

Ya tatu ni saini isiyorudi nyuma, kama kuweka hati ya nyumba dhamana au kumdhamini ndugu benki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mwenza anayeletewa karatasi na kuambiwa "weka saini hapa tu" ana haki ya kusema kwanza zisomwe na mwanasheria.

Ya nne ni familia kubadilika: kifo cha mzazi mmoja, ndoa kuvunjika, mtoto kuzaliwa na mahitaji maalumu, au ugonjwa wa kudumu kama kisukari na figo. Hapo mpango wa zamani haufai tena.

Ya tano huonekana mwilini. Usingizi unakatika saa nane usiku kwa kuwaza marejesho, simu ikiita moyo unapiga, wanandoa hawawezi kutaja fedha bila kugombana, dawa au kliniki ya mtoto inaahirishwa. Fedha zikifika hapo, zimeshakuwa suala la afya.

Nani wa kumwendea?

Inategemea tatizo. Kwa mafao, ofisi za NSSF na PSSSF hueleza haki za mwanachama bila malipo, na ni vyema kwenda kabla ya kustaafu. Washauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Mawakala wa bima husimamiwa na TIRA, wahasibu husajiliwa na NBAA, na kwa wosia na mirathi ipo RITA.

Ofisa wa benki naye anaweza kusaidia, lakini mzazi akumbuke kuwa ameajiriwa kuuza huduma za benki yake. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mshauri yeyote ni leseni yake, na la pili ni nani anamlipa: wewe, au kampuni ambayo anakushauri ununue bidhaa zake?

Mshauri anayeahidi faida kubwa ya uhakika, anayetaka fedha zitumwe kwenye namba yake ya simu, au anayesema nafasi inafungwa leo, ni wa kukimbiwa. Wanaokumbuka DECI, mpango wa kupanda na kuvuna fedha ulioanguka mwaka 2009, wanajua ahadi za namna hiyo ziliwaacha wapi Watanzania wengi.

Siku ya kwenda, wanandoa waende pamoja. Wabebe daftari la mapato na matumizi ya miezi mitatu, orodha ya madeni yote, yakiwemo yale ambayo mwenza hayajui, na hesabu ya miaka ambayo kila mtoto amebakiza shuleni. Kuficha deni mbele ya mshauri ni sawa na kumficha daktari dalili. Waulize gharama kabla ya kuanza na waombe ushauri kwa maandishi.

Turudi kwa mwalimu. Angeweza kumjibu shemeji, dalali na rafiki kwa sentensi moja: "Fedha hizi hazitaguswa kwa miezi mitatu." Fedha hazingeozea benki. Katika muda huo angepata nafasi ya kwenda kuukagua ule mchoro wa kiwanja ofisi ya ardhi, kutenga ada ya miaka miwili iliyobaki, na kuweka kando fedha za dawa zake kabla ya jambo lingine lolote.