Kuifungia saratani njia mbili kwa wakati mmoja

Wagonjwa wanaoingia katika majaribio ya awamu ya kwanza ya dawa za saratani aghalabu ni wale ambao tiba zilizopo zimeshindwa kuwasaidia. Hata hivyo, kinachotafutwa katika awamu hiyo kwanza si uponyaji, bali jibu la swali dogo zaidi: mwili unaweza kuhimili kiasi gani cha dawa? Swali hilo huwa gumu zaidi pale dawa zinazojaribiwa zinapokuwa mbili.

Mfano ulio wazi ni wa melanoma, saratani ya ngozi inayoweza kuenea hadi kwenye mapafu, ini na ubongo. Takriban nusu ya uvimbe wa aina hiyo huwa na hitilafu katika jeni iitwayo BRAF. Katika seli yenye afya, protini ya BRAF hupokea amri ya kugawanyika, huipitisha kwa protini nyingine iitwayo MEK, kisha hutulia. Penye hitilafu haitulii, na seli huzaana bila kikomo.

Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha vemurafenib, dawa inayoizuia BRAF yenye hitilafu. Uvimbe ulisinyaa kwa wagonjwa wengi, wakati mwingine ndani ya wiki chache tu. Furaha hiyo haikudumu. Kwa wengi, baada ya miezi sita au saba hivi ugonjwa ulianza tena kukua, kwa kuwa seli zilipata namna nyingine ya kuiamsha MEK bila kupitia mlango uliofungwa. Isitoshe, baadhi ya wagonjwa waliota saratani nyingine ya ngozi, isiyo melanoma: katika seli ambazo BRAF yake ni nzima, dawa hiyo hiyo iliichochea njia iliyokusudiwa kuizima.

Ndipo watafiti wa Marekani na Australia walipojaribu kuziba njia hiyo mahali pawili, kwa dabrafenib dhidi ya BRAF na trametinib dhidi ya MEK. Jaribio lao la awamu ya kwanza na ya pili, lililochapishwa mwaka 2012 katika jarida la New England Journal of Medicine, lilihusisha wagonjwa 247. Wagonjwa 85 walishiriki katika hatua ya kupima usalama na kutafuta dozi. Wengine 162 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakipewa dabrafenib pekee na wengine dawa zote mbili.

Kwa waliopata dozi kamili za dawa zote mbili, muda wa kati kabla ya ugonjwa kuendelea ulikuwa miezi 9.4, dhidi ya miezi 5.8 kwa waliopata moja. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 76 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 54.

Kuhusu madhara, matokeo yalikwenda kinyume na mazoea, maana dawa mbili hutarajiwa kuleta sumu maradufu. Homa kweli iliongezeka, kutoka asilimia 26 hadi 71. Lakini ile saratani nyingine ya ngozi ilipungua kutoka asilimia 19 hadi 7, kwa kuwa kizuizi cha MEK kilizima kile ambacho kizuizi cha BRAF kilikichochea.

Mwezi Juni 2022 Marekani iliruhusu dawa hizo mbili zitumike kwa uvimbe wa karibu kiungo chochote, mradi tu una hitilafu ya BRAF iitwayo V600E na umeenea au hauwezi kuondolewa kwa upasuaji. Saratani ya utumbo mpana iliachwa nje. Huko, BRAF ikizuiwa, seli huamsha upesi protini nyingine, EGFR, na kuendelea kukua. Kwa wagonjwa hao jozi iliyoidhinishwa mwaka 2020 ni tofauti: encorafenib pamoja na cetuximab.

Kwa hiyo kila kitu huanzia maabara, kwenye kipimo cha jeni za uvimbe wenyewe. Kwa Waafrika wenye ngozi nyeusi, melanoma mara nyingi huota kwenye nyayo, na aina hiyo huwa na hitilafu ya BRAF mara chache zaidi kuliko ile ya ngozi iliyochomwa na jua.