Unataka kupuliza rangi gari lako nyumbani? Anza na hewa unayovuta

Jumamosi asubuhi, katika ploti nyingi za Mtwapa, Kilifi mjini na Malindi, hukosi kumwona mtu akisugua tuktuk kwa msasa. Vioo vimebandikwa magazeti, kompresa ya kukodi inanguruma, na fundi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye chombo, amejifunga leso puani. Gereji ni ghali, na kupiga rangi gari lako mwenyewe, uani kwako, si kosa. Ila wengi wetu tunaijua rangi kuliko tunavyoijua ile leso.

Tuanze na mkebe wenyewe. Dukani utapata rangi za namna mbili. Ya kwanza ni rangi ya thina, ambayo mafundi huiita NC. Hii hukauka thina inapogeuka mvuke na kupotea hewani, basi. Ya pili ni 2K, yaani rangi inayochanganywa na hadena kutoka mkebe wa pili. Hii huungana na hadena ikawa ngumu, na ndiyo maana hung'aa zaidi na haitoki upesi ikimwagikiwa petroli. Klia nyingi zinazopulizwa juu ya rangi za metaliki ni za aina hii ya pili.

Ndani ya hadena hiyo mna kemikali zinazoitwa isosayaneti. Zikipulizwa kwa bomba la rangi, hugeuka ukungu mwembamba ambao jicho haliuoni wote, na pua haiwezi kukuonya kwa wakati, kwani huweza kukudhuru kabla hujasikia harufu yoyote. Zinaleta pumu. Wala si pumu ya siku moja: mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kukubana kifua, na kwa fundi wa rangi huo huwa mwisho wa kazi. Dalili nazo zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Mtu anapuliza mchana, anaanza kukohoa na kupumua kwa mluzi usiku, kisha anasema ni baridi imempata. Ukiwa umeshika rangi ya hadena na ukaona dalili hizo, nenda kwenye zahanati au hospitali na umweleze daktari ulichokuwa ukifanya, hata asipokuuliza.

Leso haizuii kitu hapo. Barakoa ya hospitali, zile tulizozoea wakati wa korona, haizuii. N95 inazuia vumbi la kusugua, na kwa kazi hiyo ni nzuri, lakini mvuke hupita. Wanaopuliza 2K kila siku katika gereji zenye vifaa huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, tena ndani ya chumba chenye feni za kufyonza ukungu. Ngozi pia hufunikwa, kwa glavu na ovaroli, kwa sababu kemikali hizi hazipiti puani pekee.

Kwa hivyo ushauri wetu kwa mkaazi asiye na vifaa hivyo ni mmoja: rangi yenye hadena usiipulize nyumbani. Sugua mwenyewe, ziba mashimo kwa fila, laini bodi, kisha peleka gereji wakamalizie. Sehemu kubwa ya kazi ya rangi ni kusugua, na hiyo unaweza kuifanya bila kumdhuru mtu, kwa hivyo bado utaokoa pesa. Ulizia gereji mapema wanataka praima ya aina gani, maana rangi ikipigwa juu ya praima isiyopatana nayo hukunjamana kama ngozi ya maziwa.

Ukiamua kupuliza ya NC mwenyewe, tumia barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, inayokaza usoni. Ndevu huiachia nafasi ya kuvuja. Fanya kazi nje, si ndani ya stoo uliyofunga milango ili vumbi lisiingie. Na angalia ploti yote kabla ya kuwasha kompresa: nguo kwenye kamba, tangi la maji lililo wazi, gari la jirani, mtoto aliyelala chumba cha upande upepo unakoelekea. Bisha hodi, waambie majirani. Mara nyingi malalamiko huanza kwa sababu mtu hakuambiwa, ila ukungu ukiingia nyumbani kwa watu kila wiki, jambo hilo si ugomvi wa majirani tena. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa na kero nyingine kwa umma, na mkaazi anaweza kulipeleka kwa afisa wa afya ya umma au kwa msimamizi wa wadi yake.

Hatari ya pili ni moto, na kwetu pwani ina sura yake. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, hutambaa chini, ukafika hatua kadhaa kutoka ulipo, na ukikutana na jiko la makaa, sigara au cheche ya swichi, moto hurudi njia ile ile hadi kwenye mkebe. Sasa fikiria uani penye banda la makuti. Makuti makavu hayangoji gari la zimamoto. Usipulize rangi chini ya makuti wala karibu nayo, hata kama hicho ndicho kivuli pekee ulicho nacho. Mwombe anayepika asogeze jiko au asubiri. Toa betri ya gari, weka kompresa mbali kadiri mpira unavyofika, na uwe na ndoo ya mchanga mkavu au kizima moto cha unga. Maji hayazimi thina inayowaka, huisambaza. Moto ukikushinda, watoe watu kwanza, kisha piga 999 au 112.

Kuhusu kazi yenyewe, mafundi wa hapa watakwambia kuwa adui wa rangi pwani ni chumvi na unyevu. Osha bodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla hujagusa msasa, la sivyo unaifungia chumvi ndani, na kutu itachungulia tena. Mwaga maji yanayokusanyika ndani ya tangi la kompresa, maana yakitoka na rangi huacha vitone. Puliza umande ukishakauka lakini upepo wa bahari haujapanda. Siku yenye mvuke mwingi hewani, rangi ya NC hupata weupe kama ukungu juu yake. Hiyo si rangi mbovu, ni siku mbovu. Shika bomba kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi, mkono uende sambamba nayo, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Safu nyembamba tatu ni bora kuliko moja nzito inayotiririka.

Rangi iagize kwa namba yake, usimwambie muuzaji "nyeupe" tu. Namba iko kwenye kibati cha gari, na kwenye Toyota huandikwa baada ya herufi C/TR.

Na hapo tunafika kwenye kitabu cha gari. Ukirudishia rangi ile ile, huna cha kubadilisha. Ukibadilisha, kwa mfano kutoka nyeupe hadi buluu, rangi iliyoandikwa kitabuni haitalingana tena na gari, na ni wajibu wako kuomba marekebisho kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, kupitia akaunti yako mtandaoni. Usingoje polisi akuulize barabarani. Wenye matatu wakumbuke mstari wa manjano uliowekwa na kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004: ukisuguliwa wakati wa kupaka rangi, lazima urudi kabla ya kubeba abiria. Na ukianza kupigia watu wengine rangi kwa malipo hapo uani, hiyo ni biashara, na inahitaji leseni ya kaunti.

Limebaki swali la thina iliyooshea bomba. Wengi huimwaga nyuma ya choo. Ardhi ya sehemu kubwa ya mwambao wetu ni mawe ya matumbawe, yenye matundu, na kinachomwagwa juu hushuka haraka hadi kwenye maji ya visima tunavyochota. Iweke kwenye chupa ya kioo au mkebe wa bati, ifunge, iache itulie siku mbili tatu. Rangi itazama chini na thina ya juu itakuwa safi ya kutosha kuoshea bomba safari nyingine. Andika kwa herufi kubwa kilichomo, na uiweke juu, mbali na watoto. Usiitie kamwe kwenye chupa ya soda.