Makaburi ya Mtwapa na asili ya Waswahili

Mjadala kuhusu asili ya Waswahili ni mkongwe. Kwa miaka mingi uliegemea isimu historia kwa upande mmoja na masimulizi ya wenyeji kwa upande wa pili, hasa Tarehe ya Kilwa inayodai kwamba ukoo wa watawala wa mji ule ulitoka Shirazi, Uajemi. Siku hizi kuna shahidi wa tatu, naye amelala kaburini.

Mnamo Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya aliyechimbua Mtwapa kwa miaka mingi, pamoja na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao. Walichunguza DNA ya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi katika miji ya mwambao kama vile Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa.

Mwislamu huzikwa kwa sanda tu, bila vyombo wala mapambo. Mwanaakiolojia aliyezoea kusoma maisha ya mtu kupitia shanga na vyungu alivyozikwa navyo hana pa kushika hapa, ila mwili wenyewe. Tena joto la Pwani huiharibu DNA upesi, ndiyo maana wataalamu hupendelea jino au ule mfupa mgumu unaozingira sikio la ndani. Humo mna DNA ambayo kila mtu huirithi kwa mamake pekee na, kwa wanaume, kromosomu Y ambayo mwana huipata kwa babake. Basi mfu mmoja anaweza kutueleza habari za kukeni na za kuumeni, na habari hizo si lazima zifanane.

Na kweli hazikufanana. Kukeni, karibu watu wote wa miji hiyo walikuwa Waafrika. Kuumeni, wengi walikuwa na asili ya Asia, na sehemu kubwa ya asili hiyo ni ya Uajemi, ikiwa na kiasi kidogo cha Uhindi. Mchanganyiko huo ulikwisha kuanza kufikia mwaka 1000 hivi. Asili ya Uarabuni inazidi baadaye, baada ya 1500.

Jamani, matokeo haya hayakumfurahisha kila mtu. Waandishi wa kikoloni walishikilia kwamba wageni ndio waliojenga ustaarabu wa Pwani. Lakini Shanga, kisiwani Pate, kulikuwa na msikiti tangu karne ya 8, mapema kuliko tarehe hiyo ya mchanganyiko. Kwa upande mwingine, wapo wasomi wetu waliozikejeli hadithi za Shirazi kuwa ni uzushi wa watu wa kujikweza. Hao nao wana la kujibu. Wazee wa Pwani waliosimulia habari za babu zao hawakuwa wakiota. Na wale wanaowaambia watu wa Pwani warudi kwao ng'ambo, hebu wawatazame hao mama wa Kiafrika.

Kwangu mimi, mwanafunzi wa lugha, hao mama ndio kiini. Baba alikuwa Mwajemi, lakini mtoto alizungumza lugha ya nyumbani kwa mama. Kiswahili kikabaki Kibantu, ndugu ya Kimijikenda na Kipokomo katika kundi la Sabaki. Kiajemi kilituachia maneno machache tu, mengi yakiwa ya kazi za wanaume, kama vile nahodha na bandari. Hata msamiati wa mazishi unashuhudia hivyo. Kufa, kuzika, mfu na mfupa ni Kibantu. Maiti, kaburi na jeneza yametoka Kiarabuni, pamoja na dini. Tendo ni letu tangu hapo. Taratibu zake ndizo zilizobadilika.

Hata hivyo, kufukua kaburi si jambo dogo. Kwa Waswahili maiti ana heshima yake na hafai kusumbuliwa. Mtwapa, watafiti walikubaliana kwanza na jamii ya hapo, wakachukua sampuli, kisha mifupa ikazikwa tena. Nadhani hivyo ndivyo inavyostahili, hata kama mtafiti wa kesho angependa kuikuta makavazini.

Ila tusiyatwishe makaburi haya mzigo usio wao. Wengi wa waliochunguzwa walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya mawe ya wenye uwezo. Mvuvi, mkulima na mtumwa wa mji huohuo walizikwa kwingine, mara nyingi bila jiwe la kuwatambulisha. Huko Makwasinyi, Taita Taveta, ambako pia sampuli zilichukuliwa, asili ya Asia ni ndogo mno. Msukumo wa wageni haukwenda mbali na bahari, na hata pale mjini bado tumewasikia zaidi wenye nyumba za mawe kuliko wa nyumba za udongo.