Tarehe za Kulipa Kodi kwa Awamu na Namna ya Kuziingiza katika Kompyuta

Vyama vingi vya msingi vimeacha leja za mkono na sasa huandika hesabu zao kwa programu za kompyuta. Mabadiliko hayo yamepunguza kazi ya kujumlisha, lakini hayakuondoa wajibu wa kufikiri. Jambo hilo hudhihirika katika kuingiza tarehe za kodi ya mapato inayolipwa kwa awamu. Kosa la tarehe moja laweza kukifanya chama kionekane kimechelewa ilhali kimelipa mapema, au kuficha deni ambalo riba yake inazidi kukua. Riba hiyo hulipwa kutoka katika ziada, na ziada ni mali ya wanachama.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, chama cha ushirika ambacho mapato yake yanatozwa kodi hakingoji mwaka uishe ndipo kilipe. Hukadiria kodi ya mwaka mzima, huwasilisha makadirio hayo kwa Mamlaka ya Mapato, na kulipa kwa awamu nne. Ikiwa mwaka wa hesabu huanza tarehe 1 Januari, siku za mwisho za kulipa ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Chama ambacho kwa kibali hufuata mwaka unaoanza 1 Aprili hulipa awamu ya kwanza kufikia 30 Juni. Kwa hiyo, mhasibu ahakikishe kwanza kwamba programu imepangwa kwa mwaka wa chama chake. Kama sivyo, tarehe zote zitakazofuata zitakuwa na kasoro.

Baada ya hapo, yampasa mhasibu kupambanua tarehe tatu. Ya kwanza ni siku ya mwisho iliyowekwa na sheria. Ya pili ni siku ambayo fedha zimelipwa kweli. Ya tatu ni siku ambayo karani ameandika malipo hayo katika hesabu. Inayotumika kupima kama chama kimechelewa ni ile ya pili ikilinganishwa na ya kwanza. Ya tatu ni kumbukumbu ya ofisi tu.

Tuseme chama kimelipa benki tarehe 28 Juni, na stakabadhi ikafika ofisini tarehe 6 Julai. Karani akiingiza 6 Julai kuwa siku ya malipo, hesabu zitaonesha uchelewaji ambao haukutokea. Kinyume chake nacho ni hatari: hati ya malipo ikisainiwa 29 Septemba, lakini benki ikalipa 4 Oktoba, kuandika tarehe ya saini ni kujidanganya. Kanuni iliyo salama ni kuandika tarehe iliyomo katika uthibitisho wa malipo, pamoja na namba ya malipo yenyewe.

Vilevile mwaka wa kodi usichanganywe na mwaka wa kalenda. Awamu ya Desemba ikilipwa Januari, siku ya malipo ni ya Januari, lakini malipo hayo yanahusu mwaka uliopita. Yakiingizwa katika mwaka mpya, ritani ya mwaka uliopita itaonesha upungufu, na makadirio ya mwaka mpya yatakuwa na fedha zisizokuwa zake.

Kiasi cha kila awamu nacho hutegemea usahihi wa kumbukumbu hizo. Kodi iliyokadiriwa hupunguzwa kwa malipo yaliyokwisha kufanywa katika mwaka huo, pamoja na kodi ya zuio inayohusika, kisha baki hugawanywa kwa idadi ya awamu zilizobaki. Kwa mfano, chama kilichokadiria kodi ya shilingi 12,000,000, kisicho na kodi ya zuio, hulipa 3,000,000 mwezi Machi na 3,000,000 mwezi Juni. Mauzo yakiwa mazuri na makadirio yakapandishwa hadi 16,000,000 kabla ya Septemba, baki ni 10,000,000, na kila awamu iliyobaki huwa 5,000,000. Kama malipo ya Juni hayakuingizwa, kompyuta itadai 6,500,000, na chama kitatoa 1,500,000 zaidi wakati ambapo fedha zahitajika kununulia mazao.

Kwa sababu hiyo, inafaa kila baada ya awamu mhasibu alinganishe hesabu za chama, taarifa ya benki na akaunti ya chama katika Mamlaka ya Mapato. Zikitofautiana, marekebisho yafanywe mara moja, pasipo kungoja ritani, ambayo huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Bodi nayo idai kuoneshwa ulinganisho huo katika kikao chake. Kompyuta hutunza kwa uaminifu kile ilichopewa, kiwe sahihi au kiwe kosa. Kupambanua hayo mawili kumebaki kuwa kazi ya watu waliokabidhiwa mali ya wanachama.