Suke Moja la Nafaka

Wataalamu wa lugha ya Kiingereza wanalo neno "shibboleth". Hulitumia kwa neno au matamshi yanayomtambulisha mtu, kwamba huyu ni wetu na yule si wetu. Lakini neno hili halikuzaliwa Uingereza. Ni la Kiebrania, na Waingereza walilipata katika Biblia, Waamuzi sura ya 12.

Twasoma hapo kwamba Yeftha na watu wa Gileadi walipigana na Waefraimu, wakawashinda. Waefraimu walipokimbia kurudi kwao, walikuta Wagileadi wamekwisha kuvishika vivuko vya Yordani. Kila aliyeomba kuvuka aliambiwa aseme "Shibolethi". Mwefraimu hakuweza kutamka "sh"; alisema "Sibolethi", akauawa papo hapo. Biblia yataja Waefraimu 42,000 walioanguka wakati ule. Nao wote, waliouawa na waliowaua, walikuwa wana wa Israeli!

Je, neno lenyewe lina maana gani? Ni suke la nafaka. Tena laweza kuwa mkondo wa maji. Suke ni chakula, na maji ni uhai. Neno halikuwa na ubaya wowote. Ni watu waliolifanya upanga.

Nasi hapa Kenya twakumbuka vizuizi vya barabarani vya Januari 2008, wasafiri walipotakiwa kuonyesha vitambulisho ili kabila lao lijulikane kwa majina yao. Naam, vivuko vya Yordani haviko mbali nasi.

Sasa fungueni Ruthu 2:2. Ruthu, mgeni kutoka Moabu, aomba ruhusa aende kuokota masuke. Katika Kiebrania ni neno lile lile, kwa wingi. Boazi aliambiwa wazi kwamba mwanamke huyu ni Mmoabi, wala hakumfukuza. Alimruhusu kunywa maji ya watumishi, akamkaribisha chakula, akawaagiza vijana wake wamwachie masuke makusudi. Katika nyumba hiyo alizaliwa Obedi, babu yake Mfalme Daudi.

Neno ni moja: kivukoni liliua, shambani lililisha. Basi, mpendwa, akija mlangoni pako mtu ambaye matamshi yake si ya kwenu, isikilize haja yake kwanza. Usimwulize ametoka upande gani kabla hujajua kama amekula.

Mungu awabariki. Amina.