Aibu Ziko na Bei, Boss

Maze, tuelewane. Hii mtaa kila kitu ikiharibika, msee anasema "I was humiliated." Ameteleza kwa stage, humiliated. Crush amemwacha blue tick, humiliated. Chips zimemwagika, humiliated. Wacha hizo. Hilo neno ni expe, na wewe unalitumia ni kama ni la ashu.

Mabuda wetu ndio walianza hii shida. Ukiwauliza, wanasema enzi zao aibu ilikuwa moja na dawa yake ilikuwa kiboko. Pole, mzae. Siku hizi kuna menu.

Ya ashu ni embarrassed. Uko kwa nganya ya Rongai, seat ya mbele, drip safi, shades ndani ya giza. Konda anaitisha fare. M-Pesa iko zero, Fuliza ilishagonga limit. Gari nzima inakucheki. Ghafla unaweka simu kwa sikio, "Eeh, niko kwa meeting." Umechomeka. Hilo neno lilitoka Ufaransa, na huko lilibeba maana ya kuzibiwa njia. Ndio maana unakwama, hujui mikono uiweke wapi. Lakini ukishuka imeisha. Jioni kwa base ni story, na unayecheka zaidi ni wewe.

Ya thao ni mortified. Ndani yake kuna kifo cha Kilatini, mors. Umerekodi voice note ya bebi, "sweetie" ziko ndani kama saba hivi, ikaingia group ya chama ya mathe. Unadelete. Inabaki alama kwamba kuna kitu kimefutwa. Auntie wa Kitale anauliza, "Ilikuwa nini hiyo?" Unatamani kuhama county. Lakini hakuna aliyekuonea hapo. Ni vidole vyako.

Ashamed haitaki audience. Umekula rent ya roomie, ukanunua njumu Gikosh, camera kabisa, ukasema umeporwa tao. Hakuna anayejua. Saa nane usiku uko macho. Bei yake ni usingizi. Helen Block Lewis, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kitabu 1971 akitenganisha shame na guilt. Guilt inacheki kitendo: nimefanya vibaya. Shame inakucheki wewe mwenyewe: mimi ni mbaya. Guilt itakufanya urudishe doh ya wenyewe. Shame itakufanya uanze kumhepa roomie kwa keja yenu wenyewe, na keja ni bedsitter.

Humbled nayo ni ya bure, so kila mtu anaivaa. Msee amepiga picha na gari mpya, caption: "So humbled." Na nani? Hiyo ni flex imevaa kanzu.

Sasa humiliated. Inatoka kwa humus, udongo. Mtu anakushusha hadi mchangani, makusudi, watu wakiona. Donald Klein, naye mwanasaikolojia, aliiweka poa 1991: watu huamini shame yao waliistahili, lakini humiliation yao hawaikubali. Ndio maana ukichomeka unacheka, ukidhalilishwa unawaka.

Novemba 2014, Nairobi, madame walivuliwa nguo na watu wa stage eti wamevaa vibaya. Tarehe 17 watu wakajaa barabarani, #MyDressMyChoice. Hadi leo kuna mabuda wanauliza sketi ilikuwa inchi ngapi. Wazae, swali ni mkono ulikuwa wa nani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 28, inasema kila mtu ana utu na haki ya utu huo kuheshimiwa. Na kabla 2014 iishe, sheria dhidi ya kumvua mtu nguo kwa nguvu ikaingia kwa Penal Code. Bei: hadi miaka 20 ndani.

So next time kabla useme "humiliated", jiulize nani alikuweka chini. Kama ni Fuliza, nyamaza, shuka, tembea. Kama ni vidole vyako, omba auntie msamaha. Kama ni njumu, rudisha rent. Lakini kama kuna msee aliyekushika akakushusha mbele ya watu, hiyo usiifanye story ya base. Tafuta mashahidi, enda station, itisha OB number. Yeye ndiye analipa.